Reale Kumi na Mbili Zenye Matundu

Alhamisi, 11 Februari 1971

Insha imerudi. Sabini na mbili! Mimi, binti wa Malindi, Unguja, nimewaeleza Waingereza hapahapa London fedha yao ya mwaka 1696. Enzi hizo wahuni walikata kingo za shilingi kwa mkasi, wakayeyusha vipande. Bwana wa Hazina akasema shilingi ni jina lake, hata ikikatwa. Mwanafalsafa akabisha: fedha ni uzito, basi. Nikamuunga mkono mwanafalsafa.

Nimemsomea Ami Mwadini akila. Kaacha kijiko. Huyo Mzungu, kasema, kasoma!

Jumatatu, 15 Februari

Sarafu mpya za serikali zimeanza leo: pauni sasa ni peni mia, si mia mbili na arobaini. Ami karudi kutoka dukani amefura — eti wametukata mchana kweupe.

Na hapo ndipo mchumba wangu Shaame akaingia na mahari. Reale kumi na mbili, zile sarafu nzito za fedha za zamani, kama Ami alivyotaka mwenyewe. Kidani cha bibi yake! Bibi alitoka nacho Unguja sitini na nne, chini ya buibui, akipita mbele ya askari huku anakohoa ili zisisikike zikigongana. Nililia. Ami hakulia. Ami aliona matundu.

Ndiyo, kila reale ina tundu la uzi. Kidani hicho! Tundu ni fedha iliyotoka, kasema. Si wewe uliyenisomea?

Mdomo uliponza kichwa.

Jumatano, 17 Februari

Ami kapeleka kidani kwa Yogesh, sonara wa hapa Kilburn. Kimepungua uzito wa nusu reale. Dawa ya Ami: kiyeyushwe, iongezwe fedha, zitoke bangili nzito. Shaame kasema bibi yake hayeyushwi. Ami kasema basi Jumapili hakuna ndoa.

Shaame kaondoka bila kunywa chai.

Ijumaa, 19 Februari

Nimeisoma tena insha. Mwanafalsafa alishinda, sarafu zikayeyushwa, na maskini wakabaki na vipande visivyopokelewa popote. Hao maskini nimewaandikia sentensi moja tu. Sabini na mbili ya nini!

Nimepanda basi la Shaame makusudi. Kanikatia tiketi kama abiria yeyote. Nampenda mpaka nimekasirika.

Jumamosi, 20 Februari

Naandika bafuni. Mlango nimefunga kwa ufunguo. Kidani kiko shingoni.

Ami alikiweka mezani, Yogesh aje akichukue. Nimemwahi. Mahari ni haki yangu, si ya Ami, na nimeshawatangazia kupitia tundu la ufunguo: nimepokea, zimetimia, kumi na mbili. Kwa idadi! Mwalimu na anipunguzie maksi.

Yogesh amefika na mzani. Kuna sauti nyingine ngazini — ya Shaame! Nani kamwita?

Ami anagonga. Toka tupime. Nimemjibu anayetaka uzito anipime na kidani changu shingoni, kisha aondoe uzito wangu.

Yogesh anacheka. Sasa Ami anamuuliza Shaame, kwa sauti ya chini, kama anajua mimi nina ratili ngapi.