Siku ya Funga, Umoja

Mathe amenipata nikifunga kabati ya vyombo na utepe wake wa cherehani, na sasa ametoka nje bila kusema atarudi saa ngapi. Mimi bado nimeketi sakafuni. Vikombe zote za nyumba nimezishikanisha kwa mikono, kama watoto wa nasari wakivuka barabara. Redio nimeifunga kwa mguu wa meza. Hata ile picha ya harusi ya shosho nilikuwa nimeifunga kwa msumari wake, mara mbili.

Ni Jumatano, na hapa mtaani Umoja kuna ile baridi ya Julai. Jua haijatoka na sidhani iko na mpango. Kutoka hapa naona nguo za majirani zikipepea kwa balkoni ya mbele, na kila upepo ukizivuta nahisi nyumba yetu yote inasonga kidogo. Najua haisongi. Mwili ndio umekataa kujua.

Kwa wale hawanijui: naitwa Mutua, niliachia shule darasa la saba, na kuongea mbele ya watu hunitoa jasho. Kuandika kwa simu ni afadhali, hakuna mtu ananiangalia mdomo. Kabla ya haya yote nilikuwa napiga rangi milango za chuma huko mtaa wa Baba Dogo. Siku moja pasta akatangaza kanisani ati kuna meli ya hospitali imekuja Mombasa, madaktari wake wote wamejitolea, na inatafuta vijana wa kujitolea pia. Wa kufua, wa kubeba, wa kupaka rangi. Nikaskia rangi. Rangi haitaki uongee.

Nikaenda. Meli ikakaa Mombasa miezi, halafu ikaenda Madagaska nikiwa ndani, halafu ikarudi Mombasa kuchukua mafuta na chakula. Tukapewa ruhusa fupi, nikakuja nyumbani. Kesho jioni inaondoka tena. Kesho asubuhi nafaa kuwa ndani yake.

Hiyo ya kesho ndio sikuwa nimeambia mtu.

Mathe alidhani nimerudi kabisa. Nilipofika alinishika mashavu, akaniangalia meno, akaniambia nimekonda na nimenona, zote mbili. Jioni hiyo hiyo akaniambia Mjomba Kioko amenipatia kazi kwa kiwanda cha beseni, Baba Dogo, naanza Jumatatu. Yeye hushona uniform za shule hapo kwa kibanda chini, na katikati ya hizo sketi zote alikuwa amepata nafasi ya kunishonea ovaroli. Ya bluu. Jina langu kifuani, na uzi mweupe. Nikaivaa. Ilinitosha sawasawa, na mtu ambaye hajakuona mwaka mzima akikushonea nguo ikutoshe, utaanzia wapi kumwambia unaenda?

Nikasema asante. Halafu kila siku nikawa naamka nikijiambia nitamwambia baada ya chai. Chai inaisha, sisemi.

Wacha niwaambie kuhusu hiyo meli, labda mtaelewa.

Ikiwa bandarini si meli, ni ghorofa imeegeshwa kando ya maji. Ina maji ya bomba, ina foleni ya wali, ina watu wa kugombania mashini ya kufua. Kazi yangu ilikuwa kuning'inia nje na ubao, nagonga kutu, napaka nyeupe. Ukimaliza mbele hadi nyuma, mbele kumeota kutu tena. Kuya anasema meli haimalizwi kupakwa, inabembelezwa tu. Kuya ndiye bosi wetu wa kazi za nje, mtu mfupi wa Ufilipino. Jina yake halisi sijui, Kuya ni vile kwao huita kaka mkubwa.

Juu ya ule ubao naona kila kitu na hakuna mtu ananiona. Naona wagonjwa wa macho wakipanda ngazi, kila mmoja ameshika bega la mwenye yuko mbele. Kesho yake wanakaa kwa mabenchi huko juu, bendeji zinatolewa mmoja mmoja. Hapo ndio wafanyakazi wote hujifanya wako na kazi karibu.

Kuna mzee mmoja wa Kilifi. Nesi akamtoa bendeji, akachuchumaa mbele yake. Sote tukangoja alie ama aombe.

"Mzee, unaona nini?"

Mzee akamwangalia nesi. Akaangalia juu. Akaangalia chini, macho yakakaa hapo muda.

"Naona nimevalishwa viatu si zangu."

Jirani yake, ambaye macho yalikuwa bado yamefungwa, akavuta miguu polepole hadi chini ya benchi. "Usiniangalie mimi, mzee. Mimi bado ni kipofu."

Nilicheka hadi brashi ikaanguka baharini. Nimeona wengi wakilia huko, na ni sawa, lakini huyo mzee ndiye hunijia nikiwa nimetulia. Vile dunia ilimrudia ikaanzia kwa miguu.

Sasa, siku moja kabla ya meli kuondoka kuna kitu inafanyika, na sisi huiita Siku ya Funga. Hilo neno Kuya alitoa kwa Waswahili wa bandari na ndio Kiswahili chake chote. "Funga! Funga!" Daktari, mpishi, mwenye kufagia, wote wanafunga. Vitanda za wodi zinafungwa kwa ukuta, droo zinafungwa, maua ya plastiki ya mapokezi yanafungwa. Kila kitu chenye kinaweza kusonga lazima kiambiwe kisisonge.

Siku yangu ya kwanza nilipewa stoo ya rangi. Nikafunga vile sisi hufunga hapa mtaani. Unajua mtungi wa gesi huku kwetu unakaa na mnyororo kama mbwa mkali. Nikatafuta minyororo, nikatafuta kufuli, nikafunga mikebe, ngazi, mapipa, nikaweka funguo zote mfukoni na nikasimama mlangoni nikiwa nimejiskia mkubwa. Kuya akaja. Akavuta mnyororo mmoja, akavuta mwingine. Akaniuliza kwa kile Kiingereza chetu cha kuokota, nani ananiibia hapa. Samaki?

Walinicheka hadi Madagaska. Lakini alinikalisha chini akanifundisha. Baharini hufungi sababu ya mwizi, unafunga sababu ya mawimbi. Na fundo la meli lazima lishike sana na bado lifunguke kwa mkono mmoja, juu ile siku mambo inaharibika, mkono wa pili utakuwa umeshikilia ukuta. Nilifanya hilo fundo hadi likahamia kwa vidole. Siku hizi nalifunga nikiongea. Hapana, nikinyamaza.

Halafu meli ikatoka, na manze, hiyo siezi eleza vizuri.

Wagonjwa wameshuka wote. Wodi ni tupu, vitanda zimesimama kwa ukuta kama watu wanangoja kuitwa, na wodi ya kina mama bado inanukia mafuta ya nazi. Unapita hapo na brashi yako na unatembea polepole, bila kuambiwa. Kwa korido watu wote wanainama upande mmoja pamoja, halafu upande mwingine pamoja, na hakuna mwenye anashangaa. Kitanda changu kiko chini ya mstari wa maji. Nikilala, bahari iko hapo nyuma ya bati, karibu na sikio, inaongea kama mathe akishona huku akiongea na yeye mwenyewe. Husikii maneno. Unajua tu kuna mtu yuko macho.

Asubuhi unapata samaki wadogo wenye mabawa wamejirusha ndani, wamekauka kando ya kamba. Maji inakuwa rangi zenye sijawahi kupewa kwa mkebe. Kuna siku nilisimama hapo mbele nikapoteza nusu ya asubuhi, na Kuya akanipita mara mbili bila kunifukuza.

Lakini kitu kubwa ni hii. Huko kila mtu ni mgeni kwa lugha ya mwenzake. Mpishi anatafuta neno, daktari anatafuta neno, kapteni mwenyewe anatafuta neno. Kwa hivyo nikichelewa kujibu, wanangoja. Hapa mtaani nikichelewa kujibu, mtu ashajibu kwa niaba yangu na amenicheka na ameenda. Huko mimi si yule kijana bubu wa Mama Mueni, vile mtaa humwita mathe. Mimi ni mtu anatafuta neno, kama wao.

Hiyo ndio nilikuwa nataka kuambia mathe baada ya chai.

Asubuhi ya leo alishuka kibandani mapema. Dadangu Mueni alikuwa anajipaka mafuta, mimi nikaosha vyombo. Nikaosha, nikapanga, na sijui ilianzia wapi. Nakumbuka nikiona utepe kwa kikapu cha mathe. Nakumbuka nikiwaza, kikombe hiki kitagonga kile. Baada ya hapo sikuwaza. Ilikuwa tamu, kama usingizi wa mchana. Leo ndio Siku ya Funga kule bandarini, na mikono yangu ilijua bila kuniuliza.

Mueni akatoka na kioo mkononi, akasimama.

"Nuhu."

Nikaongeza fundo.

"Nuhu wa Umoja! Mafuriko inakuja lini, nitoe nguo zangu kwa laini?"

"Niache bana."

"Si unifunge na mimi, ama mimi ni wa kubaki nje na watenda dhambi?"

Alikuwa bado anacheka wakati mlango ulifunguka. Mathe alikuwa amerudia makasi. Akaangalia vikombe. Akaangalia redio. Akaenda kwa picha ya mamake, akashika ncha ya utepe na vidole viwili akavuta, na fundo lote likafunguka mara moja. Akakaa akiangalia huo utepe kwa mkono wake. Yeye ni fundi. Anajua fundo la mchezo na anajua fundo la mtu amefundishwa.

"Mutua," akasema. "Nyumba haiendi mahali."

Mueni akaacha kucheka.

"Sasa ni nani anaenda?"

Ningesema nafanya mazoezi tu. Ilikuwa hapo kwa ulimi.

"Ni mimi, mathe. Kesho."

Sijui mara ya mwisho nilijibu swali haraka hivyo. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na Jumatatu?" Nikatingisha kichwa. Akachukua leso, akasahau makasi, akatoka. Mueni akaniambia, "Wewe ni mjinga lakini umesema," halafu na yeye akashuka kumfuata.

Ndio nimekuwa hapa tangu hapo, naandika. Najiuliza kama nimekosea. Amenilea na cherehani moja tangu baba afariki, na mimi kumwambia nimemwambia sakafuni, nimeshika kikombe. Nikibaki, Jumatatu nitavaa ile ovaroli na atanisindikiza hadi barabarani akiwa na furaha, na mimi nitakuwa nimezama kwenye nchi kavu. Nikienda bila yeye kusema sawa, sidhani hiyo bahari itanibeba vizuri.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika wakati amerudi.

Hajaniangalia. Ameingia chumbani, nimeskia sanduku likivutwa chini ya kitanda. Halafu ameanza kuniuliza maswali kupitia pazia.

"Huko mnakula nini?"

"Wali. Samaki. Kuna mkate."

"Nani anakuombea?"

"Asubuhi tunaomba wote. Kila mtu na lugha yake."

"Na ukianguka kwa maji?"

"Kuna mtu kazi yake ni kuangalia, mathe."

Sanduku limefungwa. Halafu: "Hao wagonjwa wa macho, wakishaona, huwa wanasema nini?"

Nimemwambia ya mzee wa viatu. Nimeieleza yote, na sauti ya nesi na sauti ya yule jirani, sijawahi kumwambia mathe hadithi ndefu hivyo maishani. Halafu nimeskia kitanda kikitetemeka, na ni yeye, anacheka na leso kwa mdomo.

Ametoka akiwa amevaa rinda lake la kanisani na sweta nzito, kama Mombasa kuna theluji.

"Nimepigia Kioko. Nimemwambia atafute mtu mwingine wa beseni. Amekasirika, atapoa." Amejifunga kitambaa mbele ya kioo. "Lakini mimi sitoi mtoto kwa kitu sijaona. Nitalala kwa binamu yangu huko Changamwe, kesho utanionyesha hiyo meli. Nitaishika na mkono. Huyo mkubwa wenu nitamwangalia macho. Nisipopenda, unarudi na mimi."

"Na ukipenda?"

"Vaa viatu, Mutua."

Mathe hajawahi kuona bahari. Miaka yote hii, na ni sisi Wakamba, kwetu ni njia ya Mombasa kabisa. Sijui Kuya atamwambia nini, na neno lake la Kiswahili ni moja tu. Sijui kama atapanda zile ngazi. Naogopa kuliko siku yoyote, na nimeshindwa kuacha kutabasamu.

Lazima niende sasa. Basi ya Mombasa inatoka mchana, Mueni amebaki na kibanda, na mathe ashashuka na begi yangu kichwani bila kuningoja. Ameniita kutoka kwa geti mara moja, na madirisha za ghorofa ya pili zimefunguka. Ameita mara ya pili, na sasa ni ploti nzima iko nje inauliza Mutua anaenda wapi. Wacha nikimbie kabla aite ya tatu, juu hiyo hata wewe unasoma hii utaiskia.