Plasta Yangu Haina Dawa

Jumatatu, 16 Juni 2025
Nimetoka kliniki, Boko. Wameniachisha sindano ya insulini, wamenipa plasta! Duara dogo, upande wa ndani lina vijisindano ambavyo hata kwa miwani nimeviona kwa taabu. Nesi Farheen kaeleza: chembe za insulini ni kubwa, ngozi haizipitishi, ndiyo maana najidunga tumbo miaka tisa. Hii inapenya polepole, kutwa nzima. Ni utafiti. Sukari isiposhuka ndani ya wiki mbili, nawekwa kando, narudi kwenye sindano. Naziogopa, nakiri humu tu. Nikamuuliza, wote tumepewa zenye dawa? Wote, mzee Gervas. Kajibu haraka mno.

Alhamisi, 19 Juni
Sukari 13.4. Jana 13.1. Leonardi, mwenzangu wa utafiti, kapiga simu kujigamba: yeye 7. Yule mla wali sahani mbili! Nikampigia nesi. Shikamoo nyingi, kisha eti nivute subira, dozi inapandishwa kidogo kidogo, plasta za wiki ijayo zina dawa zaidi. Subira! Wamenipa tupu, wanataka kuona nitakavyoharibika.

Jumamosi, 21 Juni
Nilikuwa kibandani Mwenge, nasugua kinyago cha mpingo, nikapata jibu. Msasa! Ngozi yangu ina miaka thelathini ya jua na vumbi la mbao. Vijisindano vyao walivijaribu kwenye mikono ya maofisini, kwangu vinaishia juu juu. Nimechukua msasa laini kabisa, nikasugua bega mpaka likatoa majimaji, nikabandika. Iliwasha hiyo!
Jioni 9.8.
Yustina kauliza bega limefanyaje. Mbu, nikamwambia. Kanitazama sana. Mke wangu si mtu wa kuuliza maswali, nani kamtuma?

Jumatatu, 23 Juni
6.2! Kumbe dawa ipo, walikuwa wananibania tu. Nimemtumia nesi namba, kapiga simu kunipongeza, halafu: kuna chochote umebadilisha, mzee? Hakuna. Anataka kuchukua ujuzi wangu aupeleke kwa wakubwa wake. Thubutu.

Jumanne, 24 Juni
Saa mbili asubuhi. Nimesugua mabega yote mawili. Nimebandika ya leo na ya kesho, hizi mpya zenye dawa zaidi. Uji nimeukataa, usiniharibie namba.
Saa nne. 3.1! Leonardi atanitambua.
Jasho. Njaa kali. Mkono unacheza, mie niliyechonga kucha za vinyago!
2.4. Mashine hii wameichezea.
Yustina kaona mabega. Kapiga yowe, kakimbilia simu. Namsikia: msasa, nesi, msasa wa kusugulia mbao — ndiyo, plasta mbili! Kumbe yeye na nesi wamepeana namba za simu. Tangu lini?
Kazibandua zote. Kaleta kikombe, maji na sukari tele. Nesi kasema ninywe sasa hivi, nikichelewa nitazimika, gari linakuja. Kunywa, baba Editha, nakuomba, utakufa. Analia kabisa.
Wamepanga. Nikinywa sukari inapanda, wananitoa, narudi kwenye sindano. Yustina wangu!
Sioni mistari vizuri.
Kikombe kakiweka juu ya daftari. Nakisogeza niandike