Kemshafti ya Dada

Jumatatu, 4 Machi

Baba amenipa kazi! Si ya kufagia gereji. Si ya kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Kuchagua kemshafti ya pikipiki ya mbio ya dada!

Alisema bila hata kuniangalia, akitafuta spana namba kumi. Kwamba shule nimemaliza, nyumbani nakaa tu, na masikio ninayo mazuri. Nilidhani anatania. Nikajibu "sawa" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Injini iko mezani, imefunuliwa. Silinda imeshapanuliwa kwa mkereza, fundi wa kuchonga vyuma. Zamani ilikuwa ya cc mia mbili, sasa inakaribia mia mbili na hamsini. Pistoni mpya inang'aa kama sufuria ambayo haijawahi kuona moto. Tuliisubiri miezi mingi, na ipo hiyo moja tu.

Kemshafti zenyewe mbili, Baba kazifunga kwenye fulana kuukuu. Vipande vya chuma tu, vifupi kuliko kiganja changu, kila kimoja kina nundu mbili. Nundu ikizunguka inasukuma valvu, valvu inafunguka, injini inapumua. Basi. Ya kwanza nundu zake zimenyanyuka na zimetanuka. Baba anaiita Kali. Ya pili anaiita Tulivu. Kwa macho zinafanana! Nimefumba macho nikazipapasa, hapo ndipo nikazijua.

Dada karudi kutoka dukani (anauza rangi za nyumba, leo nywele zake zilikuwa na doa la kijani). Kauliza kuna nini. Baba kamwambia mdogo wako ndiye atakayechagua. Dada kacheka. Kasema bubu wetu kapewa cheo. Halafu: "Mimi nataka Kali. Kazi imekwisha, kapumzike."

Akaenda kuoga.

Jumanne, 5 Machi

Naandika maelezo ya Baba nisije nikayasahau. Kali inaamka juu. Mshale wa mizunguko ukiwa chini ya elfu sita, inakohoa na kusitasita. Ukipita hapo, inaondoka na wewe. Tulivu inavuta tangu chini, ila juu inachoka mapema. Hakuna iliyo bora. Watu wananunua Kali kwa sababu ya mlio wake, anasema, halafu wanaachwa na pikipiki za kupelekea mkate.

Swali si la injini. Ni la anayeendesha. Mshale wake unakaa wapi muda mwingi?

Nikauliza — niliuliza! — nitajuaje. Akasema nenda kiwanjani, kasimame, sikiliza.

Jumatano, 6 Machi

Nimeenda. Dada alifanya mazoezi na pikipiki ya Baba, kwa kuwa ya kwake iko mezani vipande vipande. Ni toleo lilelile, ila injini haijaguswa.

Nilisimama kila kona. Ya kwanza, ya pili, ya nne, ya tano: hakuna anayemgusa. Anaingia akiwa ameinama kama anatafuta sindano chini, na mlio haushuki.

Kona ya tatu ndiyo ile aliyoangukia mwaka jana. Unatoka kwenye mnyooko mrefu, unakata kushoto. Upande wa nje zimepangwa tairi chakavu, na waendeshaji wengine wote wanafunga mafuta wakifika tairi ya kwanza. Dada anafunga mbali kabla, kwenye nguzo iliyopinda. Mbali sana! Mlio unakatika, unashuka, unashuka, anapita kona kama anayevuka barabara na mtoto mkononi. Kisha anafungua kwa nguvu na mtu wa mbali hawezi kujua kitu.

Anawaambia watu wote kwamba ile ajali kaisahau.

Sikuweza kuuona mshale nikiwa nje. Basi niliuchukua ule mlio wa kutokea kona, nikarudi nao nyumbani nikiung'uma njia nzima nisiupoteze. Mama akauliza kama jino linaniuma. Nilitikisa kichwa tu, sikuthubutu kufungua mdomo. Gerejini Baba aliwasha pikipiki, akaongeza mafuta polepole mpaka milio miwili ikakutana. Elfu nne na kidogo.

Baba akauliza kona gani hiyo. Nikasema nimechanganya, nitakwenda tena.

Dada naye aliuliza wakati wa kula: vipi, nilionekanaje? Nikasema vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Leo kipimo cha udongo. Unachukua udongo wa kuchezea watoto, ule wa rangi, unaubandika juu ya pistoni. Unafunga injini yote, unaizungusha kwa mkono mizunguko miwili, unafungua tena. Valvu inakuwa imeacha alama. Unakata udongo kwa wembe, unapima unene uliobaki. Huo ndio upenyo kati ya valvu na pistoni. Ukiwa mdogo, siku moja vitagongana, na hapo hakuna cha nini wala nini, injini yote ni ya kutupa.

Tulivu: milimita mbili na nusu. Salama.

Kali: milimita moja na kitu. Baba alipiga mluzi.

Anasema pistoni ina nyama ya kutosha juu, mkereza anaweza kuchimba vile vishimo vya kupisha valvu viende chini zaidi. Lakini ikishachimbwa haijazwi. Mgandamizo wa hewa silindani utapungua, na hata tukirudisha Tulivu injini haitakuwa na nguvu hii tena. Kwa hiyo ukisema Kali, umesema Kali.

Vidole vyangu vinanuka udongo wa watoto. Nilipenda kazi hii kuliko kitu chochote nilichofanya shuleni. Simwambii mtu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeharibu.

Mkereza alikuja na kipimo chake, akasimama mlangoni na kikombe cha chai. Dada alikuwepo, bado na sare ya duka. Baba akasema haya, mchaguzi, tusomee hukumu. Wote wakanitazama. Nikasema Tulivu.

"Tulivu!" Dada alipiga meza. "Baba, huyu anataka niendeshe cherehani!"

Mkereza akacheka chai ikampalia. Baba hakucheka. Aliuliza sababu. Na mimi — nilitaka kusema upenyo, nilitaka kusema pistoni ni moja, nilikuwa nimejipanga kusema hivyo! — nikasema kwa Kali atakohoa akitoka kona ya tatu, kwa sababu anatoka na elfu nne.

Baba: "Kona ya tatu? Ile unatoka na elfu saba."

Akafuta mikono kwa kitambaa.

"Anatokaje na elfu nne?"

  Baba aligeuka taratibu kumtazama dada, na mkereza akaanza kuchungulia ndani ya kikombe kama kuna kitu kimezama humo. Dada aliweka chini spana aliyokuwa ameshika. Aliiweka, hakuitupa. Afadhali angeitupa.

Mlangoni aligeuka. Aliniambia: "Umenichagulia kemshafti ya mwoga. Asante, mdogo wangu."

Jumamosi, 9 Machi

Hatuzungumzi. Tunalala chumba kimoja.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi dada alikuwa ameelekea ukutani. Nilidhani amelala. Akauliza: "Nafungia wapi?"

Nikasema kwenye nguzo iliyopinda.

Akainua kichwa. "Ile nguzo? Wewe! Mimi nilijua nafika karibu na tairi."

Nikasema hapana, dada.

"Na wewe ulikuwa unaniambia vizuri, vizuri."

 Akajigeuza, akakaa kitandani, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa nguo yake imechanika nyuma, na ameshatembea nayo mji mzima.

Tumepatana hivi, na Baba kakubali: injini ifungwe na Tulivu kwanza. Jumamosi twende kiwanjani. Mimi nisimame nje ya kona na kitambaa chekundu, kuanzia kwenye nguzo. Yeye asifunge mafuta kabla ya kunipita. Akiweza, nasogea mbele kidogo. Nikifika tairi ya kwanza, na yeye akanifuata mpaka hapo, ni Kali, pistoni inachimbwa. Tusipofika, ni Tulivu, na hataki kusikia neno cherehani kutoka kwa mtu yeyote. Nikamkumbusha kwamba neno hilo ni lake. Akanirushia mto.

Jumanne, 12 Machi

Imewaka! Baba alipiga kiki mara kadhaa bila majibu, ya mwisho ikanguruma na makopo yote ya rafuni yakatetemeka. Mlio mnene. Mama alikuja mpaka mlangoni, jambo ambalo msimu wa mbio halifanyi kabisa. Kasema inasikika kama mtu anayedai haki yake. Akaondoka.

Alhamisi, 14 Machi

Dada anaizoesha pistoni mpya, mwendo wa taratibu, jioni baada ya kazi. Hakuna jipya. Mikono imeniuma kusugua kabureta.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika kiwanjani. Nimekaa juu ya tairi. Baba anakaza cheni ya pikipiki, kwa hiyo nina muda kidogo.

Tulianza asubuhi. Nguzo: alinipita mafuta wazi, rahisi. Nikasogea. Akanipita tena. Nikasogea. Kila nikisogea yeye anazunguka, anakuja, nasikia Tulivu inavuta mnyookoni, vumbi, helmeti yake, na mimi nimeshika kitambaa kwa mikono miwili kama mhitimu aliyeshika cheti kwenye mahafali. Mara moja alifunga kabla. Alijipiga paja kwa hasira, nikabaki palepale, duru iliyofuata akaweza.

Tulifika nusu ya njia kati ya nguzo na tairi. Halafu duru tatu nzima hatukuendelea. Nilidhani ndiyo mwisho wake. Nilishaanza kufikiri namna ya kumwambia vizuri.

Akasimama. Akazima injini mbele yangu, akavua helmeti.

"Mbona unarudi nyuma?"

Nikasema sirudi.

Akanyoosha kidole chini. Kwenye vumbi nyayo zangu zilikuwa wazi kabisa. Zinaenda mbele, mbele, mbele. Halafu zinarudi. Hatua moja, tena moja, tena moja.

"Nakupita mafuta yakiwa wazi," akasema, "nikija tena, uko nyuma. Mdogo wangu, anayefunga mafuta ni wewe!" Akacheka, lakini macho yake yalikuwa yananichunguza. Mwaka jana alipoanguka nilikuwa nimesimama hapahapa. Hatujawahi kulizungumza hilo. Hakulitaja leo pia. Aliinua bega lile lililovunjika, akalizungusha, akasema: "Limepona. Tazama."

Ule mlio niliourudisha nyumbani ulikuwa wa kweli. Elfu nne ilikuwa kweli, Baba mwenyewe aliiona kwenye mshale. Lakini leo sijui kama nasikiliza injini au nasikiliza mwaka jana.

Baba amekuja na mikono ya grisi. Anasema mkereza yuko kazini mpaka saa kumi, kesho anasafiri, na mbio ni Jumapili ijayo. Pistoni ikienda, iende leo. Anataka neno kutoka kwangu. Nilimtazama dada anisaidie, maana madukani, hospitalini, kila mahali, yeye ndiye anayenisemea. Alikuwa anafunga glavu. Alichukua muda mrefu mno kufunga glavu.

Nimemwambia Baba: duru moja zaidi.

Cheni imekaa sawa. Dada ameshapanda. Anapiga kelele kutoka ng'ambo — nitasimama wapi, yeye aangalie wapi?

Nimemwonyesha tairi ya kwanza. Ameona, ameinua dole gumba. Baba ameona pia.  Ameketi chini na spana ya kufungulia injini magotini.

Anapiga kiki. Bado. Anapiga tena.

Imewaka. Naenda kusimama.