Wazo la Baba Mkubwa

Mjimwema,
Songea.
16 Juni, 2024.

Mpendwa dada Careen,

Shikamoo. Kichanga anaendeleaje, nawe umeshapata nguvu? Sisi huku tunaamka tu. Baridi ya milima ya Matogoro imeshuka hadi mjini, na mahindi yamelundikana uani bila wa kuyapukuchua.

Pole tena kwa kumpoteza baba. Nami nimempoteza baba mkubwa na mkufunzi mwenzangu kwa pamoja. Kilichokuzuia huko Bukoba usije mazishini ni kujifungua, hakuna aliyekulaumu. Nakuandikia yale ambayo kwenye simu yalinishinda.

Mwezi wa nne mkuu wa chuo alitugawa wakufunzi katika vikundi. Kila kikundi kije na wazo la kutuendeleza kazini, kilitetee mbele ya wote, kisha wazo moja lichaguliwe. La kwetu lilikuwa la baba: mkufunzi mpya akae nyuma ya darasa la mzee muhula mzima akimtazama anavyofundisha, halafu mzee naye akakae nyuma ya darasa la kijana. Alikuwa akisema semina za hotelini hutuachia kalamu na soda tu. Wazo likipita, mimi ndiye ningekaa nyuma ya darasa lake.

Siku ya kikao alikuwa hospitali kwa sababu ya moyo wake ule ule, lakini alituahidi kwamba atakuja kusema mwenyewe. Zamu yetu ikafika, tukamsubiri. Unatujua, dada. Nani angesimama kulisema neno la mzee naye yu hai? Beata wa kikundi chetu alinigusa kwa kiwiko, nami nikamgusa mwenzetu Jordan. Muda ukaisha, wakachagua wazo la wengine.

Jioni tukaenda wodini. Akauliza, "Wamelikubali?" Kabla sijafungua mdomo, mama yako, ambaye tulikwisha kumwambia ukweli mlangoni, akajibu, "Wamelikubali, baba Careen." Akatabasamu. Jumapili alfajiri akafariki.

Sasa sikia ya matangani. Siku ya kuanua matanga, mama mkubwa alisimama kutoa shukrani, akamgeukia mkuu wa chuo. "Ahsante, mwanangu, kwa kulipokea wazo la mume wangu. Amekwenda ametulia." Nani humkanusha mjane mbele ya waombolezaji? Mkuu aliinamisha kichwa. Wiki iliyofuata alituita, akasema wazo la mzee linaanza.

Nami nikapewa vipindi vyake nivifundishe. Jumatatu niliingia, miguu ikanipeleka moja kwa moja nyuma, nikakaa. Wanachuo wakageuka kunitazama. Nilimsubiri, dada, kama siku ile ya kikao. Kisha nikainuka, nikaenda mbele.

Kila jioni mama mkubwa Lidwina huniuliza, "Leo darasa la mzee limekwendaje?" Namjibu kwamba limekwenda vizuri, naye hunimiminia chai.

Nisalimie shemeji Hironimus. Beata na Jordan wanakupa pole. Mama yako anasema mtoto akipata nguvu ya safari, umlete alione kaburi la babu yake. Mungu amlaze baba pema, na kitoto chenu akikuze.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Isidori