Majani Niliyokutumia Si Mchunga

Gisenyi, Rubavu

Mdogo wangu Adela,

Kabla ya salamu: yale majani uliyoyahifadhi kwenye kopo usiyatie mdomoni tena, wala usimpe mtu. Sasa nikusalimu. Mguu wako unaendeleaje? Shemeji bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima. Wifi yako Velediana si mzima, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Juzi nilipokuambia kwa simu uyamwage ulicheka. Ukasema umekunywa chai yake mwezi mzima na hujaona baya, na huwezi kumwaga kitu kilichoota katika ardhi ya baba. Nikakata simu. Velediana alikuwa amelala hatua mbili kutoka nilipokaa, naye alikuwa hajajua.

Baada ya ile malaria alipoteza hamu ya kula. Kila nilichopika alikisukuma pembeni. Siku moja akasema angekula mchunga tu, kama ule tuliokula huko Karagwe, uliochemshwa ukaungwa kwa karanga. Hapa sokoni kuna dodo, yaani mchicha wa hapa, kuna kabichi, kuna isombe ya majani ya muhogo, lakini mchunga hauuzwi. Nikapanda basi dogo hadi Nyakiriba, kwenye mteremko ambao wazee walinionyesha kwamba ndipo palikuwa kwa baba. Kando ya mashamba ya viazi nikaona maua ya njano. Nikafanya alivyotufundisha mama: nikavunja shina, nikangoja. Maziwa yakatoka. Sitakuficha, Adela, nilisimama pale machozi yakinitoka. Miaka yote hii tangu mimi na Velediana turudi Rwanda watu wa hapa wananiita Mtanzania, na leo kilima chenyewe kimenipa mboga ya mama.

Velediana alikula, akaongeza. Basi nikawa nakwenda kila wiki, na kwa kuwa nilichuma kila wiki, mchunga ukaisha. Pembeni yake kulikuwa na mmea mwingine, maua ya njano vilevile, majani yenye meno vilevile, mbegu zenye manyoya meupe yanayopeperuka. Nikavunja shina. Maziwa hayakutoka. Nataka ulisome hili mara mbili: niliona kwamba hayakutoka. Nikajiambia ni kiangazi, jua limekausha utomvu. Nimefundisha watoto maisha yangu yote kwamba kwanza utazame, kisha ndipo useme. Siku ile nilikuwa nimeshasema, nikatafuta cha kutazama.

Majani yake ndiyo niliyoyaanika nikakutumia, nikiyaita mchunga.

Miezi ikapita. Tumbo la Velediana likaanza kujaa, mikono na mashavu vikikonda. Hospitalini daktari kijana akaniuliza, "Muzee, kuna dawa ya kienyeji anatumia?" Nikajibu, "Hapana, daktari." Moyoni nikajiambia mboga si dawa. Ukweli ni kwamba niliogopa kugombezwa mbele ya wagonjwa kama mtu asiyesoma. Tukarudi nyumbani, nami nikaendelea kumpikia, wiki tatu nzima.

Aliyenifumbua macho ni jirani yetu Mama Furaha, yule anayevusha mboga kwenda Goma kupitia kivuko cha mpakani cha Petite Barrière. Amezaliwa vilima hivi. Alikuwa Nyakiriba kununua karoti, akanikuta nimeinama na mfuko wangu.

"We Mwalimu, unatafuta nini humu?"

"Mchunga wa mke wangu."

Akachukua tawi mkononi mwangu. "Hii? Hii njo unamulisha? Mungu wangu! Hata mbuzi haikulaka hii."

"Mbona umeniona mara nyingi nikibeba, hukusema?"

"Mi nilizani ni ya mbolea. Donc, basi, mi mutu wa kuuza karoti nimuulize mwalimu?"

Akanionyesha tofauti, Adela, nami nakuandikia ili uone kwamba kwenye kopo huwezi kuitenganisha. Ua la mchunga lote ni nyuzi za njano, kama brashi ndogo. Huu mwingine una kitovu cha njano katikati, na petali chache zimekizunguka. Jani la mchunga hukumbatia shina kama masikio mawili, na shina lake ni tupu ndani kama mrija. Jani la huu limejishikiza tu. Na maziwa, ambayo tayari unayajua. Majani yakishakauka na kuvunjikavunjika, hakuna ua, hakuna sikio, hakuna maziwa. Kilichobaki ni neno langu, nalo lilikuwa la uongo.

Nikarudi kwa daktari na tawi limefungwa kwenye gazeti. Hakunigombeza. Alisema mmea wa jinsi hii huharibu ini polepole, mtu haoni kitu mpaka siku anapoona. Ndiyo maana huo mwezi wako mzima haunitulizi. Nilimwuliza kama ingesaidia iwapo ningesema siku ile ya kwanza. Akasema, "Angeacha kula mapema." Ini la Velediana halitarudi. Wanapunguza maji tumboni, basi.

Nenda hospitali ukapimwe, uwaambie kila kitu. Majani yazike mbali na mifugo. Baba hatakasirika, aliondoka hapa mgongoni mwa mama yake, hakuwahi kuchuma jani lolote kilimani hapa.

Jana mchana nilimwambia Velediana. Akasema, "Mwandikie Adela leo. Usimfiche kama ulivyomficha daktari." Ndiyo barua hii, niliyoianza jana usiku.

Msalimie shemeji, na mama mkwe wako, na yule binti wa marehemu kaka anayefundisha chekechea. Mwambie padri wa parokia tunaomba atukumbuke. Wewe mwenyewe nakuombea uwe umekunywa kidogo kuliko ulivyojigamba.

Velediana hajasema kama amenisamehe, nami sijamwuliza. Asubuhi hii nilimpelekea uji. Akauliza, "Umeweka nini humu?" Nikasema unga, maji na sukari. Akanitazama mpaka nikanywa kijiko cha kwanza, ndipo akapokea kikombe.

Ni mimi kaka yako,
Faustini