Tulivyovuka Nzoia Bila Wewe

Baba,

Tumehama. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula.

Matanga yalikuwa hayajapoa nyapara alipokuja mlangoni, kofia mkononi. Alimwambia Mama kwamba nyumba ile na malisho yale ni ya mtu wa kuogesha ng'ombe joshoni, na mtu huyo hayupo tena. Bwana mwenye shamba anataka ng'ombe watoke kabla mwezi haujaisha. Mama hakubishana. Alimuuliza tu, "Na kaburi?" Nyapara akavaa kofia yake, akaondoka.

Basi tukatoka kule mashariki ya Kitale, Mama na mimi, tukishika njia ya kwa Baba Mdogo, huku Bungoma. Koros, jirani yetu, alijitolea kutusindikiza mpaka ng'ambo ya Nzoia. Unamjua. Aliongea njia nzima, habari za mvua, za mbwa wake, ili tusipate nafasi ya kulia.

Tulipofika mtoni tukakuta mafuriko yamebeba mbao za daraja. Maji yalikuwa mekundu na yalikuwa yanapita na matawi. Koros akasema, "Mama Nekesa, turudi." Mama akamjibu, "Turudi wapi?"

Tulilala pale. Asubuhi Mama akachukua gunzi la mahindi, akalitupa mtoni, akalifuata kwa miguu huku ukingoni, kama ulivyokuwa ukifanya. Maji yalilipeleka katikati, yakalizungusha, halafu yakalivuta polepole upande wa pili hadi kwenye mchanga, mbali kidogo chini. Alirudia mara nyingine, likaenda palepale. Tukajua tuwaingize ng'ombe huku juu, tuyaache maji yenyewe yawashushe hadi kule mchangani. Jua lilikuwa mgongoni mwetu. Uliniambia ng'ombe akipigwa na jua machoni haoni ng'ambo, na asipoiona anageuka.

Pembemoja, ng'ombe wetu kiongozi, alitangulia. Yangeyange, wale ndege weupe waliokuwa migongoni mwa ng'ombe, waliruka, wakavuka kabla yetu, miguu imenyooka nyuma. Baba, ungewaona ng'ombe wako! Mwili wote ulizama, zikabaki pembe na pua tu, zinakwenda bila haraka. Nilikumbuka siku zile joshoni, ulipokuwa unanikalisha kwenye ukuta, wao wanaruka ndani ya dawa mmoja mmoja. Nilikuuliza nani aliwafundisha kuogelea. Ukacheka. Ukasema, "Ng'ombe hajui kuogelea, Nekesa. Anatembea tu, hata chini kukiwa hakuna kitu."

Walikuwa wamefika katikati ndama wa Pembemoja alipolia. Koros alikuwa amemshika kwa kamba, ili avushwe mwisho. Pembemoja alimsikia, akageuka. Wa nyuma wakamgonga, nao wakageuka, na kabla sijaelewa wakaanza kuzunguka, kila mmoja akifuata mkia wa mwenzake, pembe zinagongana. Hakuna aliyekuwa akienda mbele wala akirudi. Kila mzunguko pua zilikuwa chini zaidi.

Mama aliita jina lako. Si Mungu, Baba. Aliita jina lako.

Nami nikasikia ulivyokuwa ukiwapigia kelele vijana wa josho ng'ombe akikwama: "Msimpige! Mpeni kitu cha kufuata!" Nilimnyang'anya Koros kamba, nikamsukuma ndama majini, nikaingia naye. Mwanzoni nilimkumbatia shingo, akazama, akanywa maji. Nikamwachia, nikashika mkia. Hapo akanivuta. Tulipita upande wa juu wa ule mzunguko, yeye analia, mimi natema matope, na maji yakawa yananikata miguu yanataka kunilaza. Nilimwona Pembemoja akiinua kichwa. Alimwona mtoto wake yuko mbele. Akatoka kwenye duara akatufuata, na aliyekuwa nyuma yake akamfuata, mpaka duara lote likanyooka.

Maji yalitupitisha ule mchanga. Nilishika mizizi ya mti, ndama akapanda ukingo kabla yangu. Mama na Koros walivuka wakiwa wameshika mikia ya wale wa mwisho, waliokuwa hawajaingia majini.

Mzee Rafiki hakutoka. Yule maksai uliyelima naye tangu sijazaliwa. Nadhani alichoka ndani ya ule mzunguko. Tuliuona mgongo wake mara moja, kule kwenye kona ya mto, unabiringika kama gogo, halafu basi.

Mama aliketi kwenye mchanga. Unajua hakulia ulipozikwa. Watu walisema, hata mimi niliwaza. Pale ndipo alipolia. Alijipiga mapaja akasema, "Tumemwacha peke yake. Tumemwacha peke yake kwa watu." Koros alianza kumwambia kwamba ni maksai mzee, angechinjwa tu. Nikamshika mkono anyamaze. Mama hakuwa akimlilia maksai.

Sasa tuko kwa Baba Mdogo. Ametupa mahali pa kujenga, na mke wake hajatusema vibaya hata siku moja. Ng'ombe wamenona. Mama anacheka kidogo, hasa jioni akikamua. Mimi nafundisha watoto wadogo kusoma kanisani, na wananiita mwalimu, jambo ambalo lingekuchekesha sana.

Lakini juzi Koros alituma neno na mtu wa biashara ya mahindi. Nyumba yetu imebomolewa. Shamba la Bwana litapanuliwa mpaka pale, na jembe litapita juu yako, maana hapana alama.

Nimeomba kwa Baba Mdogo miche minne ya lusiola, ule mti wa kuwekea mipaka. Nitaipanda kwenye pembe za kaburi, na nyapara nitamwonyesha kwa kidole, mbele ya Koros, ili asije akasema hakujua. Mama anataka ningoje mto upungue. Nimekataa. Natoka kesho, na miche nimeshaifunga kwa majani mabichi ya mgomba.

Lala, Baba. Ukisikia mtu anachimba karibu nawe, usishtuke. Ni mimi.

Binti yako,
Nekesa