Sauti Atakayoitafuta Mama

Kwako Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Shemeji na watoto, nikiamini barua hii inawakuta wazima. Mimi afya ninayo, miguu tu ndiyo inalalamika.

Nimefurahi, kisha nikanyong'onyea palepale, kusoma kwamba Jumamosi unampeleka Mama sinema kuisikiliza filamu yangu. Unasema tangu macho yake yazimike hajadai kitu kwa nguvu namna hii, na kwamba anawatambia majirani kuwa sauti ya mwanawe ataitambua hata katikati ya umati unaolia. Ndiye Mama huyo.

Basi nikueleze kazi yenyewe. Sisi ni watu wa nyuma. Shujaa anayeruka angani hana maana bila watu wa kumkodolea macho, kwa hiyo tunasimama kwenye mtaa wa mbao, tumepakwa vumbi, tunautazama mpira uliofungwa kwenye ncha ya fimbo. Mpira ukienda kushoto, vichwa vyote kushoto. Huo mpira ndio shujaa. Mwenyewe wanamchora baadaye kwa kompyuta. Mshika fimbo ni mtu wa mizaha, hutuambia tumheshimu kwa kuwa ndiye anayeokoa dunia. Halafu tunaambiwa jengo linaanguka, nasi tunatimua mbio tukiwa tumeipa kamera mgongo. Watu wakiogopa kwenye viti vyao, ni kwa sababu sisi tumeogopa kwanza. Najivunia hilo, usinicheke.

Lakini kuna jambo sikuwahi kuwaambia. Tunapokimbia hatutoi sauti. Tunaachama, mishipa ya shingo imetutoka, kimya kabisa, ili maneno ya waigizaji wakuu wanaosema mbele yetu yanaswe vizuri. Vilio hutiwa baadaye na watu wengine, wamekaa chumbani, hata vumbi halijawagusa.

Uliponiandikia mwaka jana kuwa Mama haoni tena na anachotaka ni kunisikia, nilishindwa kujizuia. Siku ya mwisho ya kazi, wenzangu wote wameachama, mimi nikaita Mama kwa nguvu zangu zote. Fundi sauti aling'oa vifaa vyake masikioni. Mwongozaji hakufoka, aliuliza tu ni nani, na wenzangu wakatazama chini. Nikanyoosha mkono. Walirudia bila mimi, ile sauti wakaifuta, na tangu hapo hakuna aliyeniita kazini.

Kwa hiyo Mama hatanisikia. Sijui jinsi ya kumwambia, na wewe sikuombi umwambie. Jengo likianguka utasikia vilio vingi. Usingoje achoke kutafuta. Chagua kimoja cha mwanamume, mshike mkono, umwambie ndiye mimi.

Akikataa, akasema huyo si mwanawe, mtoe nje umrudishe nyumbani taratibu. Na akikubali, Dada, tafadhali usiniandikie.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na watoto uwabusu kwa ajili yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba